Marhamu ya Kisu

Mume wangu Kilian Raab hakujua kukaa kitako. Nasema hivi kwa sababu tangu afe, watu wanapita hapa dukani kunieleza jinsi alivyokuwa mtulivu, mpole, mwenye subira na vidonda vya watu. Subira! Kilian? Mezani alikuwa anamega mkate mpaka unakuwa chenga, halafu anainuka na njaa yake. Kanisani alikuwa anabandua nta kwenye mishumaa mpaka padri akamtaja jina mbele ya watu. Tulipokuwa wachumba alinifumua pindo zima la gauni kwa vidole vyake huku ananieleza anavyonipenda, na mama yangu alipoliona gauni akafikiri mengine kabisa.

Sasa mchukue mtu mwenye mikono ya namna hiyo, mpe wembe na kijiti cha chuma, mwambie wewe ni kinyozi mpasuaji, haya, watibu watu. Balaa. Lakini siku zile hakuwa na tofauti na wenzake. Kidonda hakiachwi. Unakichokonoa uone kina chake, unatia utambi wa kitani kisifunge, unamwagia mafuta ya moto, na kesho unarudi kuanza tena. Usaha ukimwagika, ndugu wanakushukuru. Mgonjwa akifa wanakushukuru vilevile, kwa sababu wamejionea kwa macho yao kwamba umehangaika.

Vita ndivyo vilivyomgeuza. Aliondoka na kikosi, na baada ya mapigano fulani majeruhi walikuwa wengi mno, ikabidi achague wa kutibu na wa kumwachia Mungu. Hao wa Mungu walilazwa kwenye kinu cha ngano, wakaangaliwa na mke wa mwenye kinu. Mama yule aliwaosha kwa divai iliyochemshwa, akawafunga vitambaa safi, basi, akaendelea na shughuli zake. Kilian aliporudi kinuni kuwazika, aliwakuta wanagombania supu. Wale aliowachokonoa yeye, kutwa kucha, walikuwa wako chini ya udongo.

"Burga," aliniambia siku aliyorudi, hata viatu hajavua, "nimewaua watu kwa bidii."

Akaanza kutibu kama yule mama. Anaosha, anafunga, anasema msiguse mpaka nirudi. Weee! Mji mzima ulitugeuka. Bwana Ambros mchinja nyama, ambaye mwanawe alikuwa amekatwa mkononi, alikuja dukani uso mwekundu kuliko nyama zake.

"Umefanya nini sasa hapo?" akafoka. "Kuosha? Mke wangu anaosha matumbo ya soseji kila siku, mbona yeye hatujamtundikia beseni la shaba la wapasuaji mlangoni?"

"Kaeni naye tu, Bwana Ambros. Kitafunga chenyewe."

"Nikae? Mwanangu anavuja damu, halafu mimi nikae?"

Akamchukua mwanawe akampeleka kwa mpasuaji mwingine, anayejua kazi. Na kazi ilifanyika kwelikweli. Tukaenda mazikoni. Na pale makaburini, unajua nani waliotazamwa kwa jicho baya? Sisi.

Marhamu ya kisu hakuivumbua mume wangu. Pande zetu kila mtu alikuwa anaijua: huipaki kwenye jeraha, unaipaka kwenye kile chuma kilichojeruhi, na jeraha linapona huko liliko. Kilian alikuwa akiicheka mpaka machozi yamtoke. Halafu asubuhi moja nikamkuta jikoni kwangu anakoroga kwenye sufuria yangu nzuri. Mafuta ya nguruwe, kutu, ukungu wa ukutani, na kinyesi cha njiwa ili inuke vizuri.

"Watu hawawezi kukaa bure," akasema bila kunitazama. "Nimewatafutia kazi. Wakishughulika na kisu, hawatagusa kidonda."

"Huo ni uongo, Kilian."

"Ndiyo, ni uongo. Nipe mwiko."

Uongo ule ukashika kama moto kwenye nyasi kavu. Alikuwa anaosha kidonda, anakifunga, halafu anawakabidhi ndugu kisu na masharti: kipakwe kila asubuhi, kifungwe kitani safi, kisikae karibu na moto wala penye baridi, na muda wote kisu kikiwa kinapakwa, kidonda kisifunguliwe, ole wao. Basi bibi anapaka, baba analinda kitani, mashangazi wanagombana zamu ni ya nani, na mgonjwa huko kitandani analala usingizi wake kwa raha. Watu wakapona! Wakaja wengine kutoka miji ya juu na ya chini ya mto wetu. Chama cha vinyozi na wapasuaji, kilichokuwa kikimwita mvivu, kikampa kiti karibu na jiko la kuotea moto. Nami nikala mkate wa uongo ule, sikuutema, lakini kila siku nilimnunia.

Halafu kaka yangu Utz akafa.

Utz alikuwa anasafirisha magogo kwa chelezo. Shoka likamteleza mguuni akiwa mji wa chini huko, na kinyozi wa mji ule alikuwa ameshasikia sifa za marhamu ya Fundi Raab, tena kopo lake alikuwa nalo. Akawaza kama mwanadamu yeyote mwenye akili zake: ikiwa inaponya kwa mbali, je, kwa karibu! Akakijaza kidonda cha kaka yangu mafuta ya nguruwe na mavi ya njiwa, akakifunga. Utz alikufa taya zimekaza, hawezi hata kumwita mama yetu.

Nilipotoka kuzika nilimkuta Kilian amesimama uani, anavunja vijiti.

"Utasema," nikamwambia.

"Burga..."

"Sikukuu ya Watakatifu Kosma na Damiano, wasimamizi wenu, mafundi wote wa mto huu wakiwa mezani, utasimama useme ni mafuta ya nguruwe. Utasema kinachoponya ni usafi na kuacha mikono mbali. Usiposema, naondoka nyumba hii, na atakayekunyolea ndevu za wateja sijui ni nani."

"Watanicheka."

"Wacheke."

"Watalishusha beseni letu mlangoni."

"Walishushe! Nitakangia mayai. Kaka yangu amekufa, Kilian."

Akaapa. Tulienda pamoja kaburini kwa Utz, akaweka mkono juu ya msalaba akaapa, na mimi nikamwamini, kwa sababu mikono yake ilitulia kwa muda wote wa kiapo.

Majira ya joto yalikuwa yanaishia, sikukuu inakaribia, na Kilian alikuwa anatembea nyumba nzima akijisomea maneno atakayosema. Ndipo watu wawili wa chelezo wakaanza kupigana mlangoni petu. Mtu mwingine angefunga dirisha. Mume wangu hakuweza kuona watu wakipigana kwa amani zao, lazima aingie katikati. Kisu kikamwingia pajani, juu kidogo ya goti.

Aliyemchoma alilia kuliko yeye. "Nisamehe, Fundi! Haki ya Mungu sikukulenga wewe, nilikuwa namlenga Jost!"

"Basi kajifunze kulenga," Kilian akasema, akakaa chini barabarani.

Nikachemsha divai, nikaosha, nikafunga. Wendel, fundi msaidizi wetu, kijana mkubwa mwenye ndevu zake ambaye alikuwa anaiamini marhamu kuliko Sala ya Bwana, alishakiokota kisu akakifunga kitani kabla damu haijakauka. Kilian akatabasamu alipomwona. Kwangu akakonyeza jicho.

"Sasa hakuna anayegusa hapa," akasema.

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Kwani mimi mjinga?"

Kabichi ya chakula cha jioni haijaiva, ameshaanza.

"Burga, kuna kitambaa humu ndani. Kipande cha suruali. Nakihisi."

Nikamletea suruali, nikaitandaza mbele yake. Ilikuwa imechanika mstari mmoja tu, kingo zinakutana vizuri, hakuna hata uzi uliopungua.

"Umeona?"

"Nimeona. Nipe kijiti cha chuma."

"Kilian!"

"Nichungulie tu. Kidogo."

Kulipokucha nikamkuta amekaa kitandani, bandeji iko sakafuni, kidole kimezama kidondani mpaka kifundo, ameuma mto, jasho linamtiririka. Nilipiga yowe mpaka majirani wakagonga ukuta.

"Nimekaribia," akasema. "Nimekaribia kukipata."

Kukipata nini, jamani? Hakukuwa na kitu! Nikaosha upya, nikafunga upya, nikamfunga na mikono kwenye nguzo za kitanda kwa kamba za aproni zangu. Alinibembeleza, alinitukana, alimtukana na mama yangu marehemu. Homa ikaanza. Nikashuka kuteka maji, nikamsikia huko juu anaita kwa sauti yake ya dukani: "Wendel! Kata hizi kamba uniletee kijiti. Ni amri ya fundi wako!" Na Wendel, mpumbavu mtiifu, akakata. Nilipofika juu paja lilikuwa limevimba, linang'aa, wekundu umepanda mpaka nyongani. Nilimzaba Wendel kofi ambalo nadhani analisikia hadi leo.

Mganga hajigangi, watu husema. Huyu wangu alikuwa anajichimbia kaburi kwa kidole chake mwenyewe, na mimi nimesimama naangalia. Nikamtoa Wendel nje, nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Unajua kwamba utakufa," nikamwambia.

"Najua."

"Na unajua kitakachokuua."

"Najua, Burga! Unadhani sijui? Mimi ndiye niliyekufundisha!" Akaanza kulia. Katika ndoa yetu yote sikuwa nimemwona akilia. "Siwezi. Nikikaa bila kufanya kitu nakisikia kifo kinatembea humu mguuni, kinapanda. Nikigusa, kinanyamaza. Nifunge tena. Nifunge kwa mnyororo, lakini nitautafuna, najijua."

Nikashuka jikoni. Nilisimama mbele ya ile sufuria, nikamwona Utz na taya zake. Nilikuwa naichukia kuliko shetani. Nikaichukua. Nikachukua na kisu kwenye sanduku la Wendel, na kitani safi, nikapanda ngazi, nikamwekea vyote juu ya blanketi, upande wa mguu mzima.

"Paka," nikasema.

Akatazama kisu. Akanitazama mimi. "Unanitania."

"Paka."

"Burga, mimi ndiye niliyeikoroga! Ni mavi ya njiwa!"

"Najua, ulikorogea kwenye sufuria yangu. Paka, bwana wee! Anzia kwenye mpini uende mpaka ncha. Ukimaliza futa, halafu paka tena. Mikono juu ya kisu, Kilian. Ikitoka kwenye kisu, naondoka, utakufa peke yako."

Akaitupa sufuria ukutani. Nikakusanya kilichomwagika, nikamrudishia, nikatoka, nikasimama nyuma ya mlango roho juu. Nikasikia matusi. Nikasikia kitanda kinalia, anageuka huku, anageuka kule. Halafu nikasikia kitambaa kinapita juu ya chuma, polepole, kinarudi, kinapita tena.

Siku za kwanza alikuwa anafanya kejeli. "Njoo umwone mjinga mkuu wa mji," ananiita, kisu mkononi, mafuta mpaka viwikoni. Lakini hakugusa mguu. Kisha kejeli zikapungua. Akataka kitani laini zaidi. Akataka kisu kilazwe juu ya mto mdogo. Homa ikashuka, wekundu ukarudi nyuma, na nilipofungua bandeji kuosha, kidonda kilikuwa kimeanza kufunga, safi, cha waridi. Nilimwashia Utz mshumaa nikamwomba radhi, nikalia kwa furaha kanisani mbele ya watu wote. Mume wangu yu hai. Nilikuwa na furaha, sitaficha.

Asubuhi moja nikapanda na uji wa shayiri, nikamkuta amesimama kwa mguu mmoja, amekasirika.

"Nani aliyekiweka kisu dirishani?"

"Mimi. Nilikuwa natandika."

"Dirishani, Burga! Penye upepo! Ndiyo maana paja limenivuta tangu alfajiri. Unataka kuniua?"

Nikacheka. Nilicheka kwa nguvu, nikamsubiri naye acheke. Hakucheka. Alikichukua kisu, akakipuliza kwa pumzi yake kipate joto, akakifunga kitani chake, na mikono yake ilikuwa imetulia kabisa.

Uji ulinipoa mkononi.

Sikukuu ikafika. Baada ya misa mafundi walikwenda kwenye jumba la chama, na sisi wake zao tukaenda kuwamiminia bia kama desturi. Kilian alichechemea mpaka kitini kwake karibu na jiko. Njiani nilikuwa nimemuuliza, utasema? Akanijibu, nitasema ukweli wote, mke wangu, nimeapa. Basi aliposimama na kuomba kimya, niliweka jagi chini na kushika aproni kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu," akasema, "nilikusudia leo kuwaambia kwamba marhamu ya kisu ni upuuzi. Msishangae. Niliikoroga kwa dhihaka, nikawapa watu kwa dhihaka. Ndipo Mungu akanijibu kwa kisu. Nilijichokonoa kama sote tulivyofundishwa, nikaliona kaburi langu. Kisha nikapaka kisu, siamini hata chembe, natukana huku napaka, nikapona. Mimi nisiyeamini! Je, anayeamini? Msiniulize mimi. Muulizeni mke wangu, yeye ndiye aliyenitia kisu mkononi."

Mafundi wote wakanigeukia. Mkuu wao, mzee Eustach Kressel, akaniita kwa kidole.

"Mama Raab, ni kweli?"

"Ni mafuta ya nguruwe," nikasema. Sauti yangu ilisikika mpaka mwisho wa meza. "Na mavi ya njiwa. Kaka yangu aliwekewa kidondani, akafa. Huyu amepona kwa sababu mikono yake ilipata kazi nyingine, ikaacha kidonda. Hakuna zaidi. Kiosheni, kifungeni, kiacheni. Nawasihi, baba zangu. Kiacheni."

Mzee Kressel hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Alipochomwa, ulikiosha kidonda?"

"Nilikiosha."

"Ukakifunga?"

"Nikakifunga."

"Akapona?"

"Hapana, kwa sababu alikuwa ana..."

"Akapona, Mama Raab?"

"Hapana."

"Na ulipompa kisu na marhamu?"

Nilimtazama Kilian. Alikuwa ananitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa mbishi.

"Mama Raab, tunakusubiri."

"Akapona," nikasema.

Wakapiga meza kwa ngumi na vikombe mpaka bia ikamwagika. Wakaimba. Kilian akabebwa mabegani, mguu wake mzuri unaning'inia, na wote wakataka marhamu, kila mmoja apeleke mjini kwake.

Mimi ndiye niliyewekwa mlangoni kuwagawia. Nani mwingine? Jikoni ni kwangu. Wa kwanza kupanga foleni alikuwa kinyozi mmoja mgeni, uso wa upole, amechukua duka la mji wa chini, mji ule ule alikofia Utz. Akanipa kopo lake kwa mikono miwili.

"Mama," akaninong'oneza, "na kidondani je? Kidogo tu, pembeni pembeni?"

"Kidondani hapana."

"Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu ni uchafu. Unaua."

Akatabasamu kwa adabu. Nikaona kabisa kwamba haniamini, na kwamba akifika kwake ataipaka, kidogo tu, pembeni, kwa moyo mwema. Nikamshika ukosi nikamvuta mpaka pua zetu zikakaribia kugusana.

"Kisu kina wivu," nikamwambia. "Sikia vizuri. Marhamu ikigusa kidonda, kisu kinajua. Kinamrudia mgonjwa, halafu kinamtafuta aliyepaka."

Akapauka. Akajichora msalaba, mara moja, mara ya pili. "Kamwe, Mama," akasema. "Naapa. Kidonda sitakigusa."

"Ukioshe tu kwa divai, ukifunge."

"Nitakiosha, nitakifunga."

Nikamjazia kopo lake mpaka juu, nikamwita anayefuata.